Chuo Kikuu cha Kisii na mji wake: pesa zinaingia, zinabaki wapi?

Kwa Mpwani wa kawaida, Kisii ilikuwa mawe na ndizi. Mawe ni vile vinyago na visahani vya mawe laini vinavyochongwa Tabaka na kuletwa huku kuuziwa watalii. Ndizi kila mtu anazijua. Siku hizi limeongezeka la tatu, nalo ni mtoto wetu. Kila mwaka KUCCPS, idara ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, inapotoa orodha yake, kijana wa Msambweni, Ganze au Lamu huenda akafungua simu akakuta amepelekwa Chuo Kikuu cha Kisii. Kutoka Mombasa ni safari ya karibu kilomita 800: usiku kucha hadi Nairobi, halafu Narok, halafu vilima vya kijani vya Gusii ambako mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, bali karibu mwaka mzima.

Baada ya hapo huanza kazi ya mzazi ya kutuma. Karo, kodi ya chumba, ya chakula, ya fotokopi. Makala haya yanazifuata pesa hizo baada ya kufika kule, kwa sababu ndizo, pamoja na za maelfu ya wazazi wengine na za serikali, zilizougeuza mji wa Kisii. Tena sisi huku tuna chuo ndugu ya kile, na habari za Kisii zinaweza kuwa habari za Kilifi.

Ekari 61

Mji wenyewe ni mkongwe kuliko chuo. Wenyeji huuita Getembe, au Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu, kwa kuwa ulianza kama kituo cha utawala wa Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana hapo. Uliendelea kuwa mji wa soko na ofisi kwa miaka mingi: majani chai yanapita, ndizi zinapita, mwenye kesi anakuja mahakamani, mgonjwa anakuja hospitali, jioni kila mtu anarudi kwake kijijini.

Mwaka 1965 baraza la kaunti ya Gusii la wakati huo lilitoa kiwanja cha ekari 61 kijengwe chuo cha walimu wa shule za msingi. Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu Gusii ni nchi isiyo na ardhi ya ziada. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Huko ekari moja ni urithi wa ndugu kadhaa. Kutoa ekari 61 kwa ajili ya shule ni sadaka, hata kama aliyetia sahihi ni baraza.

Kutoka hapo chuo kilipanda ngazi polepole. Mwaka 1983 kikaanza kufundisha walimu wa sekondari wa kiwango cha diploma. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Egerton kikakichukua kuwa bewa lake, na kitivo cha kwanza, cha biashara, kikaanzishwa 1999. Tarehe 23 Agosti 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Egerton. Tarehe hiyo hiyo, na kwa mkono huo huo wa serikali ya Rais Mwai Kibaki, iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi nayo ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hati ya kujitegemea Pwani ilipata tarehe 31 Januari 2013, na Kisii tarehe 6 Februari, siku sita baadaye. Ukitaka kuwaita pacha hutakosea sana.

Harakati za elimu katika Gusii hazikuanzia wala kuishia hapo. Taasisi ya Ufundi ya Gusii, ambayo leo ni Kisii National Polytechnic, ilianzishwa 1971 kwa michango ya harambee. Vyuo vikuu vingine vya umma na vya kibinafsi navyo vikaja kukodi maghorofa mjini na kufungua matawi. Lakini chuo kikuu chenye makao yake hapo ni hicho kimoja, pembeni ya barabara ya kwenda Kilgoris, kilomita mbili hivi kutoka katikati ya mji.

Shamba la ndizi likawa hosteli

Ili kuelewa namna chuo kinavyoulisha mji, anza na kitanda. Vyuo vikuu vya umma Kenya vilikua kwa kasi kuliko mabweni yake, na Kisii ni hivyo hivyo. Mwanafunzi asiyepata nafasi ndani hutafuta chumba nje. Na chakula pia: tangu serikali ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kumwachia mwanafunzi gharama zake, mtoto hujinunulia mwenyewe kila sahani. Watu hulalamika juu ya upungufu huu wa vitanda, na wana haki, lakini mlango mkubwa wa pesa kuingia mjini ndio huo. Chuo ambacho kingewalaza na kuwalisha wote ndani ya ukuta wake kingeuachia mji mabaki tu.

Basi Nyamage na vitongoji vingine vinavyokizunguka chuo vimeota maghorofa. Mzee aliyekuwa na migomba na mahindi kwenye robo ekari alipiga hesabu. Tuseme vyumba 20, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi: hiyo ni 80,000, na migomba haijawahi kumpa mtu pesa hizo mahali padogo namna ile. Akachukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, au mtoto wake aliyeko Nairobi au Minnesota akatuma. (Minnesota si mfano wa kubahatisha, Wakisii wamekaa kule kwa wingi.) Fundi akapata kazi, mchanganya zege akapata, mwenye lori la mchanga akapata, mama aliyewauzia uji na githeri akapata.

Vyumba vilipojaa, vikaja vitu vinavyofuata vyumba. Duka la M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, miezi michache tu kabla ya chuo kuwa kishiriki, kwa hiyo viwili hivyo vimekua pamoja. Bodaboda nazo zikashamiri baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, na mwanafunzi aliyechelewa mtihani ni abiria asiyebishana bei. Kinyozi, dobi, mwenye kupiga chapa kazi za wanafunzi, muuza magodoro ambaye Septemba hana hata nafasi ya kukaa. Na mama mboga, ambaye kwangu mimi ndiye mtu wa kwanza wa kuangaliwa katika hesabu hii yote.

Kwa nini mama mboga? Hapo inabidi turudi Mombasa kidogo.

Swali lililoulizwa Mombasa

Mwaka 2007 msomi wa utalii, Prof. John Akama, pamoja na mwenzake Damiannah Kieti, walichapisha utafiti uliochukua Mombasa kuwa mfano. Walitaka kujua hoteli zote za ufuo wetu zinamletea nini mwenyeji. Jibu lao halikuwa geni kwa mtu wa Likoni au Mtwapa: kwamba mtalii hulipa mengi, lakini fungu kubwa haliwafikii wenyeji, kwa sababu safari imelipiwa ng'ambo, hoteli ni ya mwenyewe aliye mbali, na kazi nzuri zina wenyewe. Akama huyo ndiye aliyekuja kuwa Naibu Chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kisii.

Swali lake linafaa kuulizwa juu ya chuo vilevile. Shilingi mia ikiingia Kisii, ni ngapi zinalala Kisii?

Chukua kodi ya nyumba. Ikiwa mwenye hosteli ni yule mzee wa Nyamage, pesa zinabaki: analipa karo ya mjukuu, ananunua ng'ombe, anamlipa fundi. Ikiwa ni mtoto wake wa Minnesota au mwekezaji wa Nairobi, pesa zinapanda ndege, na mji unabaki na mshahara wa mlinzi na mfagiaji. Chukua ujenzi. Matofali na jasho ni vya hapo, lakini saruji, nondo na mabati vinatoka viwandani mbali. Baadhi yake vinatoka kwetu. Mabati yanatengenezwa Mariakani na saruji Bamburi, kwa hiyo kila hosteli inayoinuka kule, huenda kuna mshahara wa mtu wa Pwani ndani yake. Chukua supamaketi: mwanafunzi akinunua sabuni na mchele, hela nyingi zinarudi Nairobi jioni ile ile.

Sasa mchukue mama mboga. Anauza chinsaga, ambayo sisi huita mgagani, na rinagu, ambayo ni mnavu wetu. Zote zimelimwa na mtu wa karibu, zimechumwa alfajiri, zimekuja mjini kwa matatu au kichwani. Parachichi, ndizi za kupika, maziwa, mayai, vivyo hivyo. Shilingi hamsini ya mwanafunzi ikiingia mkononi mwake inaweza kubadilisha mikono mara tatu nne kabla ya kuvuka mpaka wa kaunti, na sehemu yake inaishia katika shamba la Nyamira. Ukitaka kujua chuo kinaufaa mji kiasi gani, usihesabu maghorofa peke yake. Tazama wanafunzi wanakula nini na nani amekilima.

Mshahara wa wahadhiri na wafanyakazi unahitaji maneno machache tu. Ni pesa za serikali, zinaingia kila mwezi zinapoingia, na zinafuata njia hizo hizo mbili: mwenye kukaa hapo anazitumia hapo, mwenye familia Nairobi anazipeleka Nairobi kila Ijumaa. Wahadhiri wa muda, katika vyuo vingi vya umma nchini, wanajua habari ya kungoja malipo kuliko habari ya kuyatumia.

Mji unaoishi kwa ratiba ya wengine

Faida ina kivuli chake. Kwanza, soko la mwanafunzi ni la misimu. Likizo ndefu ikifika, kitongoji kinakuwa kimya kama Malindi ya mwezi wa Mei. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa 1995, ikichelewesha pesa za matumizi, mama wa mkahawa ndiye wa kwanza kujua, maana daftari la madeni linajaa kabla gazeti halijaandika. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo vyote, watoto walirudi kwao na vyumba vikabaki na makufuli kwa miezi, huku mkopo wa benki ukiendelea kuhesabu. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulichukua karibu majuma saba, Septemba hadi Novemba. Magazeti yaliandika juu ya serikali na wahadhiri. Wauza chapati wa Kisii, na wa Kilifi pia, hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Pili, idadi ya wanafunzi huamuliwa mbali. Katika miaka ya kati ya 2010 vyuo vya umma vilitegemea sana wanafunzi wa kujilipia. Kisha udanganyifu wa mitihani ukabanwa, na waliopata alama ya C+ na zaidi katika KCSE wakashuka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016, na 70,073 mwaka uliofuata. Wakati huo huo serikali ikaanza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili hata katika vyuo vya kibinafsi. Kundi la kujilipia likayeyuka. Haikuwa kosa la Kisii, wala Kisii haikuulizwa, lakini aliyekuwa amemaliza ghorofa ya tatu mwaka huo alilipa.

Mwaka 2023 mfumo wa ufadhili ukabadilishwa tena: gharama zikagawanywa kati ya ruzuku, mkopo na familia, kila nyumba ikipimwa uwezo wake. Mahakama Kuu ikaukataa mfumo huo Desemba 2024, na kesi ikaenda rufaa. Mzazi aliyeambiwa ana uwezo, naye anajua hana, hupunguza pale panapopunguzika: chumba kinakuwa cha watatu badala ya wawili, na sahani ya nyama inakuwa ya maharagwe. Mji unalihisi hilo.

Nyamira ilipokonywa nini

Hapa ndipo mimi naona jambo zito zaidi, ingawa halizungumzwi sana nje ya Gusii. Nyamira ina wananchi zaidi ya laki sita, ina majani chai ya Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo, inapeleka watoto chuoni kama kaunti yoyote. Chuo Kikuu cha Kisii kilipokuwa kikipanuka kilifungua mabewa katika miji mingi, Nyamira na Keroka miongoni mwao, na mbali hadi Kericho, Kapenguria, Eldoret na Nairobi. Kwa mji mdogo, bewa hata la kukodi ghorofa moja lilikuwa jambo kubwa. Lilimaanisha mwalimu wa shule ya msingi anasomea shahada bila ya kuhama, na wauza chai wana wateja saa nne asubuhi.

Mapema mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru mabewa 10 ya chuo hicho yafungwe na wanafunzi wahamishiwe bewa kuu. Sababu zilihusu ubora: majengo, maktaba, walimu. Siwezi kuilaumu tume kwa hilo. Shahada inayotolewa juu ya duka la vyakula bila maktaba ni deni analobebeshwa mtoto. Lakini hesabu ya upande wa pili nayo ni ya kweli. Wateja, vyumba na nauli vilivyokuwa vimetawanyika katika miji midogo vilikusanywa na kuwekwa mahali pamoja, kwenye barabara ya Kilgoris. Kisii ikanenepa. Nyamira ikabaki kupeleka mboga na watoto.

Tangu ugatuzi wa 2013, kila kaunti imetaka chuo kikuu chake, na Nyamira haikuwa nyuma katika kudai. Watu wa Nairobi huyacheka madai haya wakidhani ni fahari tu. Si fahari tu. Mtu wa Nyamira ameona kwa macho yake, umbali wa nusu saa au saa moja kwa matatu, kilichoupata mji wa jirani.

Yasiyohesabika kwa shilingi

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, ambayo inahudumia Gusii yote na majirani hadi Migori na Trans Mara, ndipo wanafunzi wa afya wa chuo wanapojifunzia. Ni mikono ya ziada wodini, na ni sababu ya madaktari bingwa kukubali kukaa mji ule. Walimu nao: kwa miaka mingi likizo za Aprili, Agosti na Desemba zilileta mjini walimu waliosomea shahada wakati shule zimefungwa, na leo mkuu wa shule wa kijijini mwenye shahada ya Kisii ni mtu wa kawaida.

Kuna kazi ya kuhifadhi pia. Akama huyo huyo, pamoja na mwanahistoria Robert Maxon, walihariri kitabu cha mila na maisha ya Wagusii kilichotoka 2006. Naye Prof. Nathan Ogechi, aliyekuja kukiongoza chuo baada yake, ni mwanaisimu wa Kiswahili. Jambo hilo linatuhusu, maana mtoto wa Pwani anapofika Kisii hugundua kwamba Kiswahili chake ni mtaji. Mjini wanafunzi wa Turkana, Kitui na Garissa wanaelewana na muuza ndizi kwa lugha hiyo, kila mmoja na ladha yake, na mwenye kuitamka vizuri husikilizwa. Mji wenyewe umezoea wageni tangu zamani. Wanubi waliowekwa hapo wakati wa ukoloni wana mtaa wao, na Waislamu wana msikiti wa Jamia mjini. Mzazi anayeuliza kuhusu futari na nyama halali hana haja ya kuhangaika sana.

Mizigo iko. Kodi ya chumba inapopanda kwa sababu ya wanafunzi, mfanyakazi wa soko la Daraja Mbili asiye na mkopo wa HELB anasukumwa mbali zaidi. Maji machafu ya maghorofa yaliyojengwa haraka lazima yaende mahali, na Mto Riana, unaopita mjini, umebeba mengi. Baa zimefuata wanafunzi kama vile maduka ya vitabu yalivyotakiwa kufuata, na sina haja ya kueleza ni zipi zilizokuja kwa wingi.

Mzazi wa Pwani anayempeleka mtoto huko kwa mara ya kwanza afanye mambo machache yanayojulikana na wazazi waliotangulia. Achukue chumba kwa kukiona mwenyewe au kwa mtu anayemwamini, si kwa picha ya simu. Aandikishiane na mwenye nyumba, risiti ya kila malipo iwekwe. Aulize mapema kuhusu miezi ya likizo: wapo wanaotaka kodi kamili chumba kikiwa kimefungwa, wapo wanaotoza nusu, na mapatano hayo huwa rahisi kabla ya godoro kuingia ndani. Ajue usiku ni baridi. Koti na blanketi nzito si anasa kule. Na yule mama mwenye chinsaga kando ya lango, mtoto azoeane naye. Pesa za nyumbani zikichelewa, yeye ndiye mwenye daftari.